Meza ya Kuzalia Iliyovuka Ziwa

Ubwari, tarehe 18 Septemba 2023

Kwako Nadège, mutoto wa kaka yangu,

Nakusalimu mara nyingi, na kama haitoshi, ongeza mwenyewe. Hapa tuko wazima. Antene ya simu ingali imekufa, inasimama pale mulimani bure na mbuzi wanajikunia miguu yake. Basi tutaandikiana kama zamani na Jérémie mwenye boti atabeba. Mupe barua mukononi mwake, usimupe muntu mwingine ku port ya boti, kwa sababu hapo kila muntu anapenda kusoma ya wenzake.

Mihogo imekubali mwaka huu. Samaki mikebuka ndiyo imekataa, wavuvi wanarudi na ndagala kidogo na kelele nyingi. Cassilde, ule mama wa Burundi anayelima karibu na kwangu, ana mimba. Yeye na bwana yake Aubin wamengoja sana, acha tu. Kila asubui anapita hapa kuniuliza kama mutoto anakaa vizuri. Namwambia: anakaa vizuri kuliko wewe, mama, nenda ukapumuzike.

Sasa neno lenyewe. Nimesikia diplome d'État, ile ya kumaliza sekondari, umeipata. Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya maternité, nyumba yangu hii ya kuzalishia, mpaka mugonjwa akaogopa! Unajua ninachotaka: usome kazi ya kuzalisha, urudi hapa, ushike mahali pangu siku nitachoka. Lakini wanasema kuna shule mupya pale Baraka kwenu, Nyota ya Ziwa, na wasichana wote wanakimbilia kule. Nakuuliza: hiyo shule iko na agrément? Serikali imewaruhusu kutoa diplome, ao wanatoa tu kwa sababu mashine ya kuchapa iko? Ile ya Uvira iko nayo, karatasi ya waziri imetundikwa mulangoni, nimeiona kwa macho yangu. Nenda Uvira. Usiniambie mbali.

Mwambie baba yako Bertin akirudi kutoka Kilembwe kwamba nguo zake za kazi ziko hapa tangu alikuja ku msiba, na panya wameanza kuzivaa.

Mimi shangazi yako asiyechoka kukusumbua,
Félicité


Baraka, tarehe 9 Oktoba 2023

Shangazi wangu mupendwa,

Pokea salamu za bantu bote ba nyumba. Baba angali Kilembwe, anasema anatafuta mafuta ya mawese ya kuuza huku, lakini mama anasema anatafuta tu kimya. Mama mwenyewe iko muzima, mugongo ndiyo inamusumbua. Mvua ilianza na vumbi ya Baraka ikageuka matope, bamotari banaanguka na pikipiki zabo kila siku mbele ya soko na bamama banacheka kwanza mbele ya kusaidia.

Shangazi, nimesoma maneno yako juu ya Uvira. Nimesoma hata mara mbili. Lakini tuongee pole pole. Kufika Uvira ni barrière ya askari juu ya barrière, na siku moja barabara iko, siku ingine daraja imeenda na maji. Nitakaa kwa nani? Na kule bameshajaza, nitangoja mwaka muzima nikikaa hapa nachambua mihogo na mama. Muzima! Mi naweza kufa na haraka.

Tuseme sasa muntu anaingia Nyota ya Ziwa. Tuseme tu. DG wao, mukubwa wa shule, baba Wilfried, anasema dosye yao ya kuomba agrément iko Kinshasa, inangoja tu saini. Na muko mwalimu mumoja, Norbert, infirmier, muuguzi wa kweli, yeye anafundisha mifupa na damu mpaka bantu banasahau kula. Niliingia nikasikiliza siku moja, pale dirishani. Muntu kama ule, agrément itamuongezea nini? Na wewe mwenyewe, usinikasirikie, wewe ulisoma shule gani yenye agrément? Na nusu ya Ubwari ilipita mu mikono yako.

Nionyeshe mahali nimekosea. Nikumbatie Cassilde, mwambie atuzalie mutoto mwenye akili.

Nadège wako


Ubwari, tarehe 30 Oktoba 2023

Nadège,

Hapa tuko. Upepo ulikataza boti, ndiyo maana nimechelewa. Mbuzi ule mweusi amezaa mapacha na anawakataa wote, nawanywesha mimi. Cassilde anakusalimu.

Hiyo "tuseme" yako ninaijua, mama. Baba yako alikuwa nayo tangu utoto. "Tuseme chungu kimevunjika," na chungu kilikuwa kimeshavunjika tangu asubui! Umeshaingia. Usinijibu, najua. Ulisikilizia dirishani, ndiyo, halafu dirisha likakuvuta ndani na kiti wakakupa.

Nimekasirika siku mbili, sasa nimepoa kidogo, nitakujibu swali lako juu ulikuwa na haki kuliuliza. Mimi nilifundishwa na masista. Walijua kazi, Mungu awapumuzishe. Lakini shule yao haikuwa na ruhusa, ilikuwa nyumba tu na mapenzi. Leo, mutoto nikimupokea, infirmier anapaswa kuvuka kutoka Baraka aje kuweka jina lake chini ya kazi yangu. Ziwa likichafuka haji, na mutoto anakaa bila karatasi ya kuzaliwa. Niliomba namba ya kazi, wakaniuliza: shule gani? Nikataja. Wakaandika "mama wa kusaidia". Mama wa kusaidia! Ninamusaidia nani, wakati niko peke yangu ndani ya nyumba ile?

Unafikiri agrément ni muhuri tu. Apana. Ni mugeni, asiye ndugu yako wala rafiki wa mukubwa wa shule, kuja kuangalia kama ile munasema muko nayo, muko nayo kweli. Basi. Norbert wako anaweza kuwa muzuri, lakini akihama kesho, ninyi mutabaki na nini?

Sitaki uzeeke ukiitwa mama wa kusaidia. Hiyo ndiyo hasira yangu yote, haina ingine.

Tafuta njia ya kutoka mule.

Félicité, mwenye kukupenda na kukukaripia


Baraka, tarehe 20 Novemba 2023

Shangazi,

Salamu, na nakuomba musamaha kabla sijaanza. Ndiyo, niliingia. Nilijiandikisha hata kabla ya barua yako ya kwanza. Nilishindwa kukuambia juu ulifurahi sana na ile diplome, na mi niliogopa kuharibu vigelegele vyako. Baba alirudi, akajua, akanyamaza, akarudi Kilembwe. Unajua kunyamaza kwake.

Sasa kutoka itakuwa kupoteza mwaka. Lakini sikia habari nzuri: komisyo inakuja! Batu ba serikali banatoka Bukavu kuangalia shule, wiki ya kabla ya Noëli. Wakikubali, agrément inatoka, na mwaka yetu inahesabika. Yote ile unaniambia itakuwa imekwisha.

Magumu ni moja. Shule haina bintu yote. DG alituita, akasema kila mwanafunzi aangalie kwao ni nini inaweza kukuja kwa wiki moja tu. Kamarade mumoja wa darasa analeta bitabu bya paroisse, bya kanisa. Mwingine kaka yake iko anafanya kazi ku dispensaire, zahanati ndogo, analeta mikroskopi. Ingine banaleta viti, mashuka, hata saa ya ukuta. Hata Baraka muzima inajua, bamama ba soko banauliza: na mi, nitoe nini? Banatutakia mema kweli, shangazi, hapa muntu hawezi kukataa mwenzake kiti siku ya bageni.

Meza ya kuzalia ndiyo haiko. Na bila meza, nani atasema ni shule ya kuzalisha? DG aliuliza nani iko na ndugu mwenye meza. Mi sikuinua mukono. Lakini bote banajua mi ni mutoto wa kwenu, na meza yako iko.

Wiki moja. Jérémie ataleta, Jérémie atarudisha. Unataka nipate agrément, basi nisaidie niipate. Nakupigia magoti kwa karatasi.

Nadège


Ubwari, tarehe 1 Desemba 2023

Nadège,

Wote wazima. Mapacha wa mbuzi sasa wanafikiri mimi ndiye mama yao, wananifuata hata kanisani.

Meza inakuja. Ee Mungu, ungeona! Wanaume walibeba mpaka ufukweni wakiimba kama wanabeba bibi arusi. Jérémie akaiweka katikati ya boti, juu ya magunia ya ndagala, na abiria wakagombania kukaa juu yake. Mama Marie, jirani yangu, alikataa. Alisema: mimi nililia juu ya hiyo meza siku ya kumuzaa Arlette wangu, siwezi kuilalia tena bure. Tukacheka mpaka machozi.

Kisha boti ikaenda na mimi nikarudi ndani, nikaona ile nafasi tupu, saruji yake nyeupe mahali miguu ilisimama, na nilitamani kuiita boti irudi. Nimekuandikia kwamba agrément ni mugeni kuangalia kama kitu kiko kweli. Na sasa namutumia huyo mugeni meza yangu ili aone kitu kisichokuwako. Ni bongo, ni uwongo, Nadège, tusiibatize jina lingine. Nilijisemesha ni bongo ya wiki moja. Nilikosa nguvu ya kukukatalia.

Cassilde atazaa katikati ya Januari. Meza iwe hapa kabla ya mwaka mupya. Usiache wapige rangi, usiache wakaze ile skrubu ya mbele, inataka kukazwa na mukono tu.

Shangazi yako,
Félicité


Baraka, tarehe 8 Januari 2024

Shangazi,

Heri ya mwaka mupya kwako, kwa Cassilde na Aubin, na kwa mbuzi bako ba kanisa. Noëli tulikula mikebuka na bugali, baba alikuja na nguo ya mama ya rangi ya kijani, mama akasema inafanana na majani ya sombe, lakini anaivaa kila siku.

Usikasirike. Komisyo haikufika. Kwanza bakasema barabara, kisha bakasema mwakilishi wao anagonjwa, sasa banasema mwisho wa mwezi huu. DG anasema bageni ba serikali hawaitwi kama motari, mutu anangoja.

Meza iko salama. Balipiga rangi, nilikataza, balipiga mi nikiwa darasani. Nyeupe. Na balitia herufi za shule pembeni, N na Z. DG aliita mupiga foto, bakatia foto ya meza mu karatasi kubwa zinazobandikwa ku soko na ku port: "Nyota ya Ziwa, vyombo vya kisasa." Mi nikiona ile karatasi naangalia upande mwingine.

Nilimwendea DG kumuomba meza irudi kwanza. Akanionyesha dirisha: unaona bamama hao bote banakuja kuandikisha mabinti? Ni juu ya meza. Akasema wiki mbili tu. Nadhani mbili siyo mbaya, ao? Cassilde angali anangoja, siyo?

Nijibu upesi. Silali vizuri.

Nadège


Ubwari, tarehe 29 Januari 2024

Nadège,

Salamu. Tuko.

Cassilde amezaa. Yeye ni muzima.

Rudisha meza. Wanawake wanazalia chini, ku mukeka, na mimi magoti yangu siyo ya msichana. Nimetuma maneno haya na Jérémie mara mbili kwa mudomo, anasema hakukuona. Sasa yako kwa karatasi.

Na sikia ingine. Mama Marie alivuka kwenda kuuza mihogo Baraka, akaona ile karatasi yenu ku port. Akasimama pale akasema kwa sauti: hii ndiyo meza nilimuzalia Arlette! Akauliza, wakamwambia ni shule. Akasema, kama Félicité ameweka meza yake pale, basi shule ni nzuri. Amemuandikisha Arlette. Na kisha yake, nyumba zingine hapa pwani zinauza kuku na mbuzi ili kupeleka mabinti wao. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wanaonana na mimi njiani wananipongeza!

Nadège, mimi sina namba ya kazi, sina diplome. Ninayo jina tu, na jina hilo sasa linauzwa ku port na rangi nyeupe juu yake.

Rudisha meza.

Félicité


Baraka, tarehe 20 Februari 2024

Shangazi wangu,

Salamu nyingi. Mama anaendelea. Mi siendelei.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini. Arlette kweli iko darasani ya chini, ananisalimu na heshima kubwa, "ya Nadège, ya Nadège", kama dada yake mukubwa, ananipigia hadisi ya Ubwari. Sijui nimwambie nini.

Nilirudi kwa DG. Nilisema meza ni ya wagonjwa. Akasema: binti, ikitoka hii meza, na wewe unatoka nayo, na mwaka yako inakufa, na ya wenzako bote inakufa, utaweza kupita mu soko? Komisyo bameshapewa tarehe, ni katikati ya Machi, safari hii ni kweli. Norbert alikuwa pale, akaangalia viatu vyake. Kisha akanifuata inje akaniambia: mi nafundisha juu napenda kufundisha, usiniulize mengine.

Naumwa na haya mawazo. Nikitoa meza, mabinti wote banapoteza. Nikiacha, wewe unapiga magoti chini. Kila asubui nasema leo nitaitoa, na kila mangaribi nasema kesho. Shangazi, ungoje kidogo tena, mpaka Machi. Halafu nitakuja nayo mi mwenyewe.

Lakini kitu kimoja kinanikata. Kila mara mwanamuke akizaa unaniandikiaka: mutoto mwanaume ao mwanamuke, analia vipi, anafanana na nani, hata wale unaona wabaya unaniambiaka ni wabaya. Ya Cassilde, unaandika tu "amezaa, ni muzima". Mutoto je? Banamwita nani?

Nijibu ile.

Nadège


Ubwari, tarehe 4 Machi 2024

Nadège,

Salamu zangu. Mvua imezidi, njia ya shamba imekuwa muto mudogo. Baba yako alinitumia sabuni na chumvi, mushukuru. Mbuzi mumoja wa wale mapacha ameuzwa.

Unaniuliza mambo mengi. Soma, mama. Komisyo ikipita, lete meza.

Félicité


Baraka, tarehe 16 Machi 2024

Shangazi,

Sitaweka salamu leo, utanisamehe.

Ijumaa ndiyo komisyo ilifika. Asubui ile nilipita ku port nimupe Jérémie sabuni yako ingine. Nikamuuliza kwa kucheka: mutoto wa Cassilde ananyonya vizuri? Akaniangalia. Akasema: "Eh, Nadège. Hawakukuambia? Tulimuzika. Shangazi yako alitukataza bote kukuambia, alisema utaacha masomo." Nikauliza alikufa na nini. Akasema yeye ni mutu wa boti, hajui, alisikia tu kwamba mutoto alikuja na miguu mbele na kichwa kikachelewa.

Mi najua sasa, Norbert alitufundisha. Mutoto wa miguu, mama anawekwa pembeni kabisa ya meza, ili mwili wa mutoto uning'inie wenyewe na kichwa kifuate. Ku mukeka hakuna pembeni. Ku mukeka chini ni chini. Shangazi, ulifanyaje? Ulikuwa peke yako?

Nilienda shule. Sijui nilitembea vipi. Nilikuta darasa zimefagiliwa, maua mu chupa, bote na bluzi nyeupe. Komisyo ni mama mumoja mwenye miwani na bababa wawili. DG anabatembeza. Bakafika chumba ya meza, sisi tumesimama mustari pale ukutani. Mama ule akagusa meza akauliza: "Mulipata hii lini?" DG akasema: "Tangu tulifungua, mama."

Nikasema: "Apana, mama. Hii ni ya shangazi yangu, ya maternité ya Ubwari. Tuliiomba kwa wiki moja tangu mwaka jana."

DG akataka kucheka, akasema huyu mutoto anagonjwa. Mama ule akaniuliza: "Wewe unasoma hapa?" Nikasema ndiyo. "Unajua unafanya nini?" Nikasema najua. Akauliza: "Na kule Ubwari, sasa wanawake wanazalia wapi?" Nikasema: "Chini."

Akageuka kwa mikroskopi, akauliza ni ya nani. Yule kamarade akaanza kulia. Bitabu, ni bya nani? Vya paroisse. Mashuka? Viti? Kila kitu kikaitwa na jina la mwenyewe, mpaka saa ya ukuta. Wakamaliza. Ndipo Norbert akasema: "Mi ndiyo wa shule, mama. Hawakuniomba kwa muntu." Mama ule akamwambia: "Nasikitika, mwalimu."

Imekwisha. Hakuna agrément. Nilimufuata ule mama inje, nikamuuliza kama mwaka yetu inaweza kuhesabiwa mahali ingine. Akasema hapana, ukienda Uvira unaanza chini. DG alinifukuza mbele ya bote. Kamarade mumoja alinitemea mate ku viatu, na mama yake, anauza mboga ya lenga-lenga pale njiani, hanisalimu. Arlette alinifuata mpaka barabarani, akaniuliza: "Ya Nadège, mama yangu aliuza mbuzi. Nitamwambia nini?" Naona wao wako na haki na mi niko na haki, na hii yote inanichanganya kichwa.

Meza niliitoa siku ile ile. Eddy, motari wa jirani, aliifunga ya kulala nyuma yake akapita nayo soko lote, bantu banapiga miluzi. Iko na Jérémie. Nilikwangua ile N na Z na kisu, haikutoka yote.

Niambie ukweli sasa. Na uniambie kama Cassilde anajua ni kwa nini meza haikuwako.

Nadège


Ubwari, tarehe 2 Aprili 2024

Nadège wangu,

Nakusalimu, na nakuweka ndani ya mikono yangu kama vile siku ulizaliwa, juu mimi ndiye nilikupokea, na ulikuwa mubaya sana.

Meza ilifika. Nimeirudisha mahali pake.

Unataka ukweli. Alikuwa mutoto mwanaume. Mukubwa, mwenye nywele. Miguu ilikuja kwanza na mimi nilijua la kufanya, mikono yangu ilijua, lakini pa kufanyia hapakuwa. Tulimuinua Cassilde juu ya magunia ya mihogo, Aubin akamushika mabega, magunia yakateleza. Kichwa kilichelewa. Labda hata juu ya meza kingechelewa, hiyo Mungu anajua, mimi nitakufa bila kujua. Nilikuficha juu nilisema: kama huyu ameenda, basi angalau Nadège abaki na masomo, isiwe bure. Nilihesabu vibaya. Hapana, siyo wewe uliyeiondoa meza. Uliomba, na mimi mukubwa ndiye nilisema ndiyo.

Mama Marie nimemwendea. Na nyumba zile zingine zote. Nilisimama mulangoni mwa kila moja nikasema: sikuwahi kusema ile shule ni nzuri, lakini meza yangu ilisema, na nilijua. Mama Marie alinifukuza na maneno ambayo sitaandika. Wengine walinipa kiti, ikawa mbaya zaidi.

Kila muntu hapa sasa anaulizana agrément ni nini, kama ni chakula. Wanaume wanabishana nayo ku boti. Kuna mwenye kusema: Félicité hana, na alitusaidia. Kuna mwenye kusema: ndiyo, na angalia. Mimi sibishani tena.

Cassilde anajua. Nilimwambia mimi mwenyewe, kabla meza haijafika. Hakupita tena asubui. Nilisema basi, nimemupoteza na yeye. Jana akaja. Aliingia bila hodi, akaikuta meza, akaipanda akakaa juu yake pembeni, miguu inaning'inia, akapapasa ile rangi ambayo hukuweza kukwangua. Akauliza: "Binti wa kaka yako wamemufukuza?" Nikasema ndiyo. "Ataenda ile ya Uvira?" Nikasema sijui, ni mwaka wote kupotea, na barabara ile, na ana aibu.

Kisha akasema: "Mimi nitazaa tena, mama Félicité. Wewe umezeeka. Muulize, nani atanizalisha?"

Mujibu wewe.

Félicité